Jina Lililo Nyuma ya Swali

Mhojaji anayepita nyumba kwa nyumba katika komini ya Bungulu, mjini Beni, anaweza kumsomea mama mmoja swali kwa Kiswahili, jirani yake kwa Kinande, na mwalimu wa ng'ambo ya barabara kwa Kifaransa. Majibu yote matatu yanaingia mahali pamoja. Kinachowezesha hayo ni neno fupi ambalo mhojaji na mhojiwa hawalioni kabisa: jina la swali. Watengenezaji wengi wa fomu huliandika bila kulifikiria, na hapo ndipo kazi ya wiki nzima huharibika.

Zana za kukusanya majibu kwa simu zinazotumika kwetu ni programu huria za ukoo mmoja. ODK ilianza mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, chini ya Gaetano Borriello. KoboToolbox, ya Patrick Vinck na Phuong Pham, ilijengwa juu ya kazi hiyo, na kampuni ya Ona ya Nairobi hutumia mtindo uleule wa fomu. Waasisi hao wa Kobo wanaijua Kivu Kaskazini. Septemba 2018, mwezi mmoja tu baada ya Ebola kutangazwa Mangina, wao na wenzao walihoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo, wakakuta kwamba takriban mmoja kati ya wanne haamini kuwa ugonjwa upo. Mlipuko huo uliua watu 2,287 kabla ya kutangazwa umekwisha Juni 2020. Matokeo mazito kama hayo hayawezi kusimama juu ya data iliyovurugika.

Mtindo wenyewe unaitwa XLSForm. Unafungua jedwali la Excel, na kila mstari unakuwa swali. Safu ya «type» inasema ni swali la aina gani, «name» ni jina lake la ndani, «label» ni maneno yanayoonekana kwenye simu. Ukitaka Kiswahili unaongeza safu ya «label::Kiswahili (sw)». Ukitaka Kinande unaongeza nyingine. Maneno ya kwenye kioo unaweza kuyarekebisha hata kila jioni baada ya kuwasikiliza wahojaji. Jina la ndani usiliguse. Tuseme swali uliliita «homa», watu mia wakajibu, kisha msimamizi akaona «joto_la_mwili» ni la kitaalamu zaidi, akabadilisha. Utakapopakua majibu, utakuta safu mbili, kila moja nusu tupu, na mchambuzi ambaye hakuwapo hatajua kwamba zote ni swali lilelile.

Wanaotengeneza zana zenyewe wana tatizo hilohilo kwa ukubwa wa kutisha, maana maneno waliyoyachagua yameshaandikwa katika fomu za watu wasiowajua. Hii ndiyo maana halisi ya kiolesura cha programu: ni yale maneno ambayo mtu mwingine ameyategemea. Angalia «deviceid», neno linaloiomba simu ijitambulishe. Zamani programu ya ODK ilijibu kwa kutoa IMEI, namba ya kudumu ya simu. Kisha Android 10, mwaka 2019, ikazifungia programu za kawaida kuisoma namba hiyo, ili kulinda faragha. Wasanidi hawakulifuta neno. Walibadilisha kilicho ndani yake: sasa programu hujitungia kitambulisho chake kinachoanza na «collect:», na fomu za zamani zinaendelea kufanya kazi. Maneno mengine mawili, yaliyosoma namba za laini ya simu, hayakuwa na mbadala. Kwa hayo waliweka onyo linalomwambia mtengenezaji wa fomu wazi kwamba simu nyingi haziyakubali tena.

Naupenda zaidi mfano wa kupanga majibu katika safu. Programu ya simu ilikuwa na neno lake, «compact», na Enketo, inayoonyesha fomu zilezile kwenye kivinjari, ilikuwa na lake, «horizontal». Aliyetengeneza fomu moja kwa ajili ya simu na kompyuta alilazimika kujua yote mawili. Hatimaye pande zote zilikubaliana juu ya neno moja, «columns», lakini ya zamani hayakukataliwa. Hata kigeuzi cha fomu, kinachoigeuza jedwali la Excel kuwa fomu ya simu, kinabeba kumbukumbu ya watu waliokosea: ukiipa karatasi ya maswali jina linalokaribiana na «survey», jina linalotakiwa, bila kuwa lenyewe, hakikatai tu, kinakutajia karatasi iliyofanana.

Marekebisho ya namna hii hayaji bila malalamiko yaliyowafikia wasanidi. Hapa nasema na wanafunzi wa kompyuta wa Butembo na wasimamizi wa data katika zoni za afya: tatizo lenu mara nyingi linaishia kwenye kundi la WhatsApp la timu, mtu mmoja anapata njia ya kulizunguka, na aliyeandika programu hajui kamwe. Ni hasara kubwa, kwa kuwa wanaofanya kazi bila mtandao siku nzima, kwenye simu za bei nafuu, ndio wanaoigusa zana pale inapokatika.

Wala si kila ombi litakubaliwa. Kila safu mpya inayoongezwa leo itabidi itunzwe miaka mingi, na msanidi anayekataa jambo jema mara nyingi anawalinda wale ambao fomu zao tayari zinafanya kazi. Ombi lenye nguvu ni lile linaloonyesha kazi iliyokwama, kabla ya kupendekeza dawa. Andika toleo la programu na la Android, ulichotarajia na kilichotokea. Kisha chukua fomu yako ya maswali mia, kata, kata tena, mpaka ibaki mistari miwili au mitatu ambayo bado inaleta kosa. Mara nyingi utaligundua kosa mwenyewe katikati ya kukata. Kama hukuligundua, umempa msanidi kitu anachoweza kukifungua na kukiona kwa macho yake, na faili yenyewe haili mega nyingi. Tuma fomu tupu peke yake. Majibu ya watu hayahitajiki kwa kazi hiyo na hayapaswi kutoka mikononi mwako.