Msaada wa Njaa Sasa Hununuliwa Dukani

Mkulima wa skimu akisikia habari za chakula cha msaada katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, huenda akasema hazimhusu. Zamani ilikuwa hivyo. Wakati wa ukame wa mwaka 1984, mahindi ya manjano yalitoka ng'ambo kwa meli mpaka Mombasa, yakapakiwa malorini, na watu wakapanga foleni wapimiwe. Wazee wanaoyakumbuka hawakuyapenda sana.

Siku hizi njia imegeuka. Mwaka 2009 mashirika ya Oxfam na Concern Worldwide yaliwapa maskini wa Korogocho na Mukuru pesa badala ya chakula, Sh. 1,500 kwa mwezi, kwa M-Pesa. Mwaka 2020, Korona ilipowanyima vibarua kazi, Shirika la Chakula la Umoja wa Mataifa (WFP) lilipeleka Sh. 4,000 kwa mwezi kwa nyumba nyingi za mitaa ya mabanda ya Nairobi, kwa simu vile vile.

Sasa fikiri pesa hizo zinakwenda wapi. Mama wa Korogocho hangojei lori. Huenda dukani akanunua unga, au hununua mahindi akayapeleka kinuni. Mwenye duka naye huchukua kwa wafanya biashara wa nafaka, kama wale wa Nyamakima, na hao huyafuata mashambani. Basi mwanzo wa safari hiyo waweza kuwa ghala yako.

Pesa zina ubaya wake. Mahindi yakiadimika, shilingi zile zile hununua unga haba. Tena gunia laweza kutoka shambani likafika kinuni bila kupimwa na mtu yeyote. Mwaka 2004 watu 125 walikufa, wengi wao Ukambani, kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu, iitwayo aflatoksini. Mengi yalikuwa yamewekwa kabla ya kukauka.

Mahindi ya kuuza yasizidi unyevu wa 13.5 kwa mia. Asiye na mashine achukue chupa kavu ya kioo, atie mahindi mpaka theluthi moja, na vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu. Aifunge, aitikise vizuri, kisha aiache dakika 15. Chumvi ikishika kioo, mahindi hayajakauka. Yaanikwe tena juu ya turubai, si juu ya udongo. Isiposhika, unyevu uko chini ya 15 kwa mia. Hapo apeleke kidogo katika depo ya Halmashauri ya Nafaka yakapimwe kwa mashine, kabla ya kushona magunia.