Eyam, kijiji kilichojifungia

Anayetaka kukijua kijiji cha Eyam asishukie kanisani kama wageni wengi wafanyavyo. Ashukie Stoney Middleton, kijiji jirani kilicho bondeni, kisha apande kwa miguu. Njia inakata malisho ya kondoo, na katikati ya mwinuko limelala jiwe kubwa lenye matundu juu yake, kingo zake zimelainika kwa kuguswa vidole vizazi na vizazi. Mwaka 1666 hapo ndipo palipokuwa mpaka.

Eyam iko katika jimbo la Derbyshire, kusini-magharibi mwa Sheffield, kwenye vilima vya Peak District. Ni nchi ya mawe. Nyumba ni za mawe, mipaka ya mashamba ni kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, na chini ya ardhi mababu wa wenyeji walichimba madini ya risasi. Uani mwa kanisa la Mtakatifu Lawrence umesimama msalaba wa jiwe uliochongwa yapata karne ya 8. Kijiji kilikuwa tayari na umri mkubwa maafa yalipobisha hodi.

Mwaka 1665 London ilikuwa ikiteketea kwa tauni. Robota la nguo lilitoka huko likafika Eyam, kwa fundi wa nguo aliyeitwa Alexander Hadfield. Inasimuliwa kwamba vitambaa vilikuwa na unyevu, msaidizi wake George Viccars akavianika mbele ya moto, na viroboto wakaamka. Viccars alizikwa tarehe 7 Septemba. Nyumba za jirani zikafuata. Baridi ilipoingia vifo vikapungua, watu wakaanza kuvuta pumzi, kisha joto la mwaka uliofuata likaurudisha ugonjwa kwa nguvu zaidi kuliko mwanzo.

Juni 1666 kasisi William Mompesson, ambaye hakuwa ametimiza miaka 30 na alikuwa mgeni pale, alimwendea Thomas Stanley, kasisi wa zamani aliyeondolewa kazini kwa kukataa kufuata sheria ya kanisa ya 1662. Wanakijiji wengi walikuwa bado wanamsikiliza yule mzee. Watu hawa wawili, ambao kwa siasa za wakati ule wangepaswa kuwa mahasimu, walisimama pamoja mbele ya kijiji na kukubaliana nacho mambo mazito. Kila nyumba izike wafu wake, tena mahali popote karibu, bila kungoja uwanja wa kanisa. Ibada zifanyike nje, katika bonde la Cucklet Delph, watu wakiwa wametengana. Na asitoke mtu.

Chakula kililetwa na majirani, na Earl wa Devonshire, kabaila aliyekaa Chatsworth, alisaidia. Wanakijiji waliacha sarafu katika yale matundu ya jiwe la mpaka, zikiwa zimelowa siki, wakiamini siki inaua sumu ya ugonjwa. Upande wa kaskazini, juu ya kijiji, kuna chemchemi ambayo hadi leo inaitwa Kisima cha Mompesson. Huko fedha ziliachwa majini, na aliyeleta mkate aliuweka, akachukua malipo, akaenda zake bila kuonana na mtu.

Simama sasa penye lile jiwe utazame huku na huku. Hakuna ukuta. Hakuna lango, na hapakuwa na kikosi cha askari. Kuna nyasi, mteremko, na mapaa ya Stoney Middleton chini pale, karibu kiasi cha kusikia mbwa akibweka. Mtu mwenye watoto wanaokufa angeweza kushuka usiku na kupotea. Mpaka wa Eyam ulikuwa neno tu ambalo watu walilitoa na kulishika, na jambo hilo huwezi kulisoma kwenye kibao kilichotundikwa ukutani. Ni lazima miguu ifike.

Wapo wanahistoria wanaosema sifa hii imetiwa chumvi na waandishi wa baadaye, kwamba wenye uwezo walikuwa wameshaondoka, kwamba Mompesson mwenyewe aliwahamisha watoto wake mapema, na kwamba maskini hakuwa na pa kwenda. Hoja hizo zina uzito na sioni sababu ya kuzificha. Ila mimi naona zinawaongezea heshima waliobaki. Historia imewataja sana makasisi wawili. Mzigo waliubeba wachimba madini, wafugaji na wake zao.

Mmoja wao alikuwa Elizabeth Hancock. Nje kidogo ya kijiji, njia inapopanda kuelekea Riley, kuna makaburi machache yaliyozungushiwa ukuta mdogo wa mviringo katikati ya uwanda wa majani. Kati ya tarehe 3 na 10 Agosti 1666 mama huyu alizika mume wake na watoto sita. Aliwazika peke yake, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumkaribia. Yeye hakuugua. Baadaye alihamia Sheffield kwa mwanawe aliyesalia. Tarehe 25 Agosti alikufa Catherine, mke wa Mompesson, ambaye kaburi lake liko uani mwa kanisa. Kifo cha mwisho kilikuwa tarehe 1 Novemba. Waliokufa wanahesabiwa kuwa 260 hivi.

Wanakijiji wa leo wanaishi ndani ya habari hii kwa namna ambayo haina kelele. Nyumba alimokufa Viccars bado inakaliwa. Nje kuna kibao chenye majina ya waliofia humo, na mwenye nyumba anatoka asubuhi kwenda kazini akipita mbele yake. Jumapili ya mwisho ya Agosti ni Jumapili ya Tauni. Watu huandamana hadi Cucklet Delph na kusali nje, kwenye majani yaleyale, na shada la maua huwekwa juu ya kaburi la Catherine.

Majira hayohayo visima hupambwa. Hii ni mila ya Derbyshire nzima, na kijiji cha Tissington ndicho kinachotajwa zaidi kwa ukongwe wake. Mbao kubwa hulowekwa majini siku kadhaa, kisha hugongwa misumari ili zishike udongo. Udongo wa mfinyanzi huchanganywa na maji na chumvi na kukanyagwa kwa miguu hadi ulainike. Mchoro wa karatasi hulazwa juu yake, mistari ikadungwa tobo kwa tobo, na karatasi ikaondolewa. Hapo ndipo watu wa kila rika huinama juu ya mbao, wengine hadi usiku wa manane, wakipachika mbegu, magome, kuvumwani na majani, na mwisho petali za maua mojamoja. Petali huanzwa chini kupanda juu, kama makuti yanavyoezekwa, ili mvua iteleze isiingie. Kazi yote hiyo hukaa wiki moja hivi kabla udongo haujakauka na kupasuka. Mwaka ujao wanaanza upya kwa mchoro mwingine.

Mgeni anaweza kuyafikia haya yote kwa sababu ya desturi nyingine, nayo imepewa nguvu ya sheria: njia za miguu. Njia nyingi ninazozitaja hapa hupita katika ardhi ya watu binafsi. Mwenye shamba hawezi kuifunga njia iliyosajiliwa. Mpitaji naye hufunga geti alilolikuta limefungwa, humshika mbwa wake penye kondoo, wala hakanyagi mazao. Penye ukuta huachwa mwanya mwembamba kati ya mawe mawili, mtu apite na kondoo akwame. Haki hii haikuanguka kutoka mbinguni. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wakiwa wafanyakazi wa Manchester, walipanda kwa makusudi Kinder Scout, mlima wa Peak District uliokuwa umefungwa kwa ajili ya matajiri kuwinda ndege. Watano walifungwa jela. Sheria ya hifadhi na njia ilipitishwa 1949, na mwaka 1951 Peak District ikawa hifadhi ya taifa ya kwanza Uingereza. Sheria ya mwaka 2000 ilifungua nyika za milimani zaidi.

Atakayekwenda achukue ramani ya Ordnance Survey, ambayo huonyesha njia hizi, na viatu vya tope hata wakati wa kiangazi. Akifika mwishoni mwa Julai atakuta Stoney Middleton nao wamepamba visima vyao. Akiwa ameshaliona lile jiwe na matundu yake, atakumbuka kwamba kulikuwa na watu upande huu wa mpaka pia, na kwamba bila wao Eyam isingekula.