Je, Wajua Java Humpataje Fundi Wake?

Mwenye bomba lililopasuka mtaani Mukuru kwa Reuben hana haja ya kujua fundi anakaa ploti gani. Huuliza kwenye duka la vifaa vya ujenzi, au husoma namba ya simu iliyopakwa rangi kwenye bati. Programu ya Java iliyogawanywa katika moduli hufanya vivyo hivyo, na hapo ndipo nguvu yake ilipo: mwenye kazi hutaja kazi, hamtaji mtu. Duka lenyewe ni ServiceLoader, lililokuja na Java 6 mwaka 2006. Mtoa huduma aliandika jina la klasi yake kwenye faili ndani ya META-INF/services, na draiva za hifadhidata zikaanza kupatikana bila kuitwa kwa jina. Tatizo ni kwamba kompaila haisomi faili hilo. Ukikosea herufi moja, kila kitu hupita kimya, kisha programu hukwama mteja akiwa kaunta. Java 9, ya Septemba 2017, ikaingiza usajili kwenye tangazo la moduli: mhitaji huandika `uses Malipo;`, mtoaji `provides Malipo with MalipoYaSimu;`, na kompaila hukagua pande zote mbili. Kifurushi chenye klasi ya mtoaji si lazima kiwe wazi kwa wengine. Kazi yatoka, mlango wa nyumba wabaki umefungwa.

Mtu atauliza: mzunguko wa nini, na `new MalipoYaSimu()` ni mstari mmoja tu? Ni mmoja leo. Siku malipo ya benki yakiongezwa, moduli ya mauzo yenye mstari huo itafunguliwa, itakompailiwa na kupimwa upya. Kwa usajili, unaweka moduli mpya mahali pake, basi. KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa uliojengwa juu ya OpenMRS ya Java, una utaratibu tofauti wa kusajili, lakini wazo ni lile lile: anayeita huduma hutaja kiolesura, si klasi iliyo nyuma yake.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba `uses` haimlazimishi fundi yeyote kuwepo. Asipokuwepo, ServiceLoader hurudisha orodha tupu bila kulalamika. Hilo ni kweli, na mwitaji ndiye wa kuamua afanyeje. Angalia hasa jlink, zana ya kufunga programu pamoja na Java yake: usipoiambia `--bind-services`, au kumtaja mtoaji mwenyewe, humwacha nje.