Uhuru wa Mwalimu Darasani na Mipaka ya Matamshi ya Chuki

Mwalimu wa Historia anayewaeleza wanafunzi ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo zaidi ya watu 1,100 waliuawa, havunji sheria. Wala haivunji anapowasomea kauli za uchochezi za wakati ule ili wazichambue. Kifungu cha 33 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinalinda uhuru wa kujieleza na kinautaja waziwazi uhuru wa taaluma. Hata hivyo, kifungu hicho hicho kinasema kwamba uhuru huo hauhusu matamshi ya chuki.

Mpaka uko wapi basi? Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, katika kifungu cha 13, inahitaji mambo mawili: maneno yenyewe yawe ya vitisho, matusi au dharau; na msemaji awe amekusudia kuchochea chuki ya kikabila, au mazingira yaonyeshe kwamba huenda chuki hiyo ikachochewa. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 1, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kwa mwalimu, mazingira yana uzito wa pekee. Wasikilizaji wake ni watoto, hawana ruhusa ya kutoka, na ndiye anayesahihisha mitihani yao.

Nchini Kanada, ambako hukumu zake hazizifungi mahakama zetu lakini zinafunza, mwalimu wa sekondari James Keegstra aliwafundisha wanafunzi kuwachukia Wayahudi, na alama zao zikategemea kuyarudia mafundisho hayo. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu iliamua, kwa kura 4 dhidi ya 3, kwamba sheria iliyotumika kumshtaki ni halali ingawa inabana uhuru wa kujieleza. Mwaka 1996 ilikuja kesi ngumu zaidi, ya Malcolm Ross, aliyechapisha maandishi ya aina hiyo nje ya saa za kazi. Mahakama ilikubali aondolewe darasani, ila ikafuta amri ya kumnyima hata kazi isiyo ya kufundisha endapo angechapisha tena.

Hapa Kenya, mzazi anaweza kulalamika kwa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa (NCIC), au kwa Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC), ambayo inaweza kumwadhibu mwalimu kinidhamu, hata kumwondoa katika sajili. Ni vyema kuandika maneno yaliyotamkwa jinsi yalivyokuwa, pamoja na tarehe, darasa na somo lililokuwa likifundishwa.