Kutafuta Mahali Paa Linapovuja

Kwetu nyumbani, kila mvua iliponyesha maji yalidondokea meza yangu hadi vitabu vikalowa. Baba akataka kubadilisha mabati yote. Fundi akamwambia, "Ngoja kwanza, mzee. Maji hutambaa kwenye mbao; yanapodondokea sipo yanapoingilia."

Basi ukitaka kujua chanzo, ngoja siku kavu. Mmoja akae darini na tochi, mwingine amwage maji pole pole kwenye bati: kwanza upande wa chini wa bomba la hewa la choo, kisha kando, kisha upande wa juu, mwishowe kwenye bomba lenyewe. Kila mahali ngojeni kidogo. Sisi tulikuta raba inayozunguka bomba imepasuliwa na jua. Raba tu! Mabati hayakuwa na kosa lolote.

Kumbukeni, usipoziba ufa utajenga ukuta.