Kosa na Hitilafu katika Hesabu ya Maeneo

Neno "kosa" katika Kiswahili huchukua lawama: aliyekosa huonywa, na kosa lake husahihishwa. Lakini katika hesabu za kukadiria maeneo upo upungufu usiotokana na uzembe wa mtu yeyote. Upungufu huo wafaa kuitwa "hitilafu", yaani tofauti iliyopo baina ya jawabu lililokadiriwa na jawabu la kweli. Haja ya kutenga maneno haya mawili huonekana wazi pale hesabu inapofika mahali pagumu.

Mfano mwepesi ni kanuni ya trapeza. Eneo lililo chini ya mstari uliopinda hukatwa vipande vyenye upana sawa. Upande wa juu wa kila kipande huhesabiwa kuwa umenyooka, kisha vipande vyote hujumlishwa. Mstari ukiwa laini tangu mwanzo hadi mwisho, kila idadi ya vipande inapoongezwa mara mbili, hitilafu hubaki kama robo ya ile ya awali. Mathalan, eneo la kipeo cha pili cha x, tangu 0 hadi 1, ni theluthi moja. Vipande 4 huacha hitilafu ya 1/96, na vipande 8 huacha 1/384.

Sivyo ilivyo kwa kipeuo cha pili cha x. Eneo lake baina ya mipaka hiyo hiyo ni theluthi mbili, yaani 0.66667. Vipande 4 hutoa 0.64328, na vipande 8 hutoa 0.65813. Hitilafu ya kwanza, 0.02338, ni mara 2.74 tu ya hitilafu ya pili, 0.00854. Vipande vikizidi kuongezwa, uwiano huo hukaribia 2.83, wala haufiki 4. Sababu iko penye 0: hapo mstari huanza kwa kusimama wima, na mwinamo wake hauna kikomo. Hata kanuni ya Simpson, ambayo kwa mistari laini hupunguza hitilafu mara 16, hapa hurudi kwenye 2.83.

Jambo hili lina madhara. Njia iliyoelezwa na Romberg mwaka 1955 huchanganya makadirio mawili ili kufuta hitilafu, na hatua yake ya kwanza hutegemea uwiano wa 4. Ikitumiwa hapa bila kufikiri, makadirio yaliyotajwa hutoa 0.66308. Uwiano wa kweli ukiwekwa mahali pa 4, jawabu huwa 0.66625, lililo karibu zaidi na kweli. Mwaka 1961 Navot alipanua fomula ya Euler na Maclaurin ikaweza kuonyesha uwiano wa namna hii. Iko pia dawa nyingine: kuandika kipeo cha pili cha t mahali pa x. Hapo ugumu huondoka, na robo hurudi.

Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba jawabu lake lina "kosa" atarudia kujumlisha, na hataona penye dosari, kwa kuwa hapana. Aliyeambiwa kuwa lina "hitilafu" atauliza inapungua kwa kadiri gani, na kwa nini. Mfasiri wa vitabu vya hesabu ndiye mwenye kumchagulia njia.