Ukurasa Mmoja au Kurasa Nyingi? Mbunifu wa Kongolo na Kazi za Fundi wa Buli

Je, wajua kwamba mmoja wa wachongaji wa Afrika wanaotajwa sana katika makumbusho ya Ulaya na Marekani alifanya kazi katika nchi ya Wahemba, pande hizihizi za Kongolo, na kwamba kwa miaka mingi hakuna mtaalamu aliyetambua kuwa kazi zake zimetoka mkono mmoja? Kiti cha mtawala kilichukuliwa kijiji hiki, sanamu ikachukuliwa kijiji kile, kila kitu kikasafirishwa na kuingizwa kabatini kwake. Waliovichukua waliandika mengi kuhusu safari zao. Jina la fundi hawakuliuliza.

Aliyevikutanisha ni Mbelgiji Frans Olbrechts, katika miaka ya 1930, alipokuwa akiandaa maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo yaliyofanyika Antwerp mwaka 1937 na 1938. Vilipowekwa pamoja, jicho likaona mambo ambayo kitu kimoja peke yake kisingeyasema: nyuso ndefu, mashavu yaliyobonyea, macho mazito ya mtu aliyeona mengi, viganja vikubwa kupita kiasi vikibeba kiti juu ya kichwa. Olbrechts akauita huo mtindo wa Buli, kwa jina la kijiji ambako baadhi ya vitu hivyo vilipatikana. Utafiti uliofanywa baadaye vijijini ulileta jina la mtu, Ngongo ya Chintu. Mwaka 1980 Susan Vogel akaonyesha kwamba nyuma ya kazi hizo huenda kuna mikono zaidi ya mmoja. Ndiyo maana jumba la Metropolitan la New York, lenye kiti kimoja cha Buli tangu 1979, linaandika jina hilo na kuongeza neno “huenda”.

Nayaleta haya kwa sababu swali linalomsumbua kijana anayechora nembo na mabango Kongolo leo ni lilelile, la kuziweka kazi pamoja au kuzitenga, ila limehamia kwenye simu. Anataka tovuti ya kuonyesha kazi zake. Azipange zote katika ukurasa mmoja mrefu, mteja ateremke kwa kidole kutoka juu hadi chini? Au kila kazi ipewe ukurasa wake, na mlango wa mbele uwe na viungo tu?

Maonyesho ya Antwerp yalifanya kazi ya ukurasa mmoja. Hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika mpangilio huo: mkono wa fundi unaonekana kwa kulinganisha. Weka nembo ya duka la dawa, bango la kwaya na vazi la kitenge la sherehe ya Machi 8 mahali pamoja, na mteja atagundua kwamba wewe hupenda mistari minene au rangi mbili tu, hata kama hujamwambia. Mwenye kazi sita nzuri hana sababu ya kuzitenganisha. Waluba walilijua jambo hili zamani, kwa njia yao: lukasa, ubao wa kumbukumbu unaotosha kushikwa kwa mkono mmoja, ulibeba habari za watawala, safari zao na mahali patakatifu, vyote juu ya uso mmoja wa mbao wenye shanga na makombe. Ushanga mkubwa uliozungukwa na midogo ungeweza kuwa mtawala na watu wake. Lakini lukasa haikujisomea. Ilimhitaji mtu wa chama cha mbudye aliyefundishwa, apitishe kidole na kusimulia, na msomaji mwingine angeweza kusimulia kwa namna nyingine kulingana na wasikilizaji. Ukurasa mmoja uliojaa picha bila maneno una udhaifu huohuo, na mbaya zaidi, mteja aliye Kalemie au Lubumbashi anausoma peke yake usiku, bila mtu wa kumsimulia.

Tena watu hawateremki sana. Kampuni ya utafiti ya Nielsen Norman Group ilifuatilia macho ya wasomaji wa tovuti na mwaka 2018 ikaeleza kuwa asilimia 57 ya muda wa kutazama ukurasa iliishia kwenye kioo cha kwanza, kabla ya kuteremka. Ukijumlisha na kioo cha pili unafika asilimia 74. Kazi uliyoiweka chini kabisa, hata iwe bora kuliko zote, umeifukia.

Sasa tuingie kwenye mitambo, maana hapa ndipo wabunifu wengi wanapokosea hesabu.

Kuleta ukurasa wa tovuti kuna gharama mbili zisizofanana: uzito na safari. Uzito unajulikana na kila anayenunua mega. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu nzuri inaweza kufika megabaiti 4. Picha thelathini za namna hiyo ni megabaiti 120, na hakuna mfanyabiashara wa Kongolo atakayechoma mega zake zote ili aone mabango yako. Punguza kila moja hadi kilobaiti 200, ambazo kwa kioo cha simu zinatosha kabisa, na zote thelathini zinakuwa megabaiti 6. Hesabu hiyo peke yake ina faida kuliko mabishano yote ya kurasa.

Safari ni jambo lililojificha. Kila unapobofya kiungo, ombi linasafiri hadi kwenye seva na jibu linarudi. Tena seva haimwagi kila kitu kwa mkupuo: kwa kanuni inayopendekezwa tangu 2013, mwanzoni hutuma pakiti kama kumi, yaani karibu kilobaiti 14, kisha husubiri kusikia kwamba zimefika ndipo iongeze. Ofisi inayotumia antena ya V-Sat inazungumza na setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, na hata mawimbi yaendayo kwa kasi ya mwanga hutumia karibu nusu sekunde kwenda na kurudi njia hiyo. Bofya mara nane, subiri mara nane. Hapo ukurasa mmoja unashinda, kwa kuwa ukishafunguka, kutoka kazi hii kwenda nyingine hakuhitaji kuomba ukurasa upya. Setilaiti za Starlink, ambazo Kongo ilizipa leseni Mei 2025, huzunguka kwenye kimo cha kilomita 550 hivi, na kwa mwenye chombo hicho hoja ya safari inapungua sana.

Zamani hoja ya uzito ilikuwa ikiuangusha ukurasa mmoja, maana picha zote ziliteremshwa hata kama mgeni ametazama mbili. Tangu 2019 kivinjari cha Chrome kina uwezo wa kuacha picha hadi msomaji akaribie kuifikia, na mwenye tovuti huuwasha kwa maneno mawili tu kwenye msimbo wa ukurasa. Kwa hiyo siku hizi atakayesema kurasa nyingi ni nafuu kwa mega, muulize kwanza kama picha zake amezipunguza.

Kinachonifanya mimi niegemee kurasa nyingi ni anwani.

Katika tovuti ya ukurasa mmoja, sehemu za ndani hutambulishwa kwa alama ya reli mwishoni mwa anwani. Kinachofuata alama hiyo hakitumwi kwa seva kamwe. Hubaki ndani ya kivinjari cha msomaji. Seva inajua ukurasa mmoja, na mtambo wa kutafuta kwa kawaida huuorodhesha kama kitu kimoja chenye kichwa kimoja. Anayetafuta “mabango ya kampeni Kongolo” na anayetafuta “nembo ya hoteli Kalemie” wote unawajibu kwa kichwa kilekile, ambacho huenda ni jina lako ambalo hawalijui.

Halafu kuna WhatsApp, ambako kazi nyingi za mkoa wa Tanganyika hupitia. Ukituma kiungo, WhatsApp huchungulia ukurasa na kuonyesha picha ndogo na kichwa kilichoandikwa ndani yake. Ukurasa mmoja una picha moja ya namna hiyo. Mama mwenye duka la dawa akimtumia shoga yake kiungo cha nembo uliyomchorea, anachokiona shoga ni picha yako umekunja mikono. Nembo ikiwa na ukurasa wake, nembo yenyewe ndiyo inayotokea kwenye simu, na shoga anauliza bei.

Makumbusho yamelifikia jambo hili kwa njia yao. Kiti cha Buli kilichoko New York kina namba yake, 1979.290, na ukurasa wake. Mwanamke aliyepiga magoti akiwa ameshika bakuli, aliyeko Tervuren nchini Ubelgiji, naye ana namba yake. Mwanafunzi akikitaja kitu hicho, msomaji anakifikia bila kupita kwenye viti vingine. Walakini mtu akitaka kuona kazi zote zinazohusishwa na fundi huyo, ambazo ni kama ishirini, inambidi arukeruke kutoka jumba hadi jumba. Kila upande umepungukiwa na kile ambacho mwenzake anacho.

Kwa mbunifu mwenye kazi ishirini au zaidi, basi, ukurasa wa mbele uwe mwepesi, wenye picha ndogo za kazi sita au saba zinazotazamana, na kila picha ifungue ukurasa wake. Mwenye kazi tano aanze na ukurasa mmoja, lakini aandike maneno chini ya kila kazi. Na katika kila ukurasa aweke yale ambayo wakusanyaji wa viti hawakuyaandika: nani alichora, mwaka gani, mji gani, kwa ajili ya nani, na nani alichapa. Mistari miwili inatosha.

Anwani zenyewe zisibadilishwe ovyo kila unapopaka tovuti rangi mpya. Anwani za nchi hii zilizoishia kwa .zr, za enzi za Zaïre, zilianza kupokewa na .cd mwaka 1997, na mwaka 2001 .zr ikafutwa kabisa. Aliyekuwa amechapisha kadi zake za biashara kwa anwani ya zamani ilimbidi achapishe nyingine.